Utafiti wa chai ya kibandani Nairobi: asubuhi ya kwanza naandika nini?

mwanagenzi_nrb anauliza:

Habari zenu wadau. Nasomea uzamili wa anthropolojia hapa Nairobi na pendekezo langu la tasnifu limepitishwa na idara. Mada ni chai ya asubuhi kwenye vibanda: nani anapika, nani anakunywa, inalipwaje, na hayo yote yanatueleza nini kuhusu utamaduni wa Kenya. Nimechagua mtaa mmoja wa Eastlands, vibanda vitatu, miezi minne.

Msimamizi amenirudishia sura ya mbinu akiwa ameandika pembeni, "Utaona nini hasa?" Swali hilo linaninyima usingizi. Najua uchunguzi shirikishi, yaani kushiriki shughuli za watu huku ukiwaangalia, ni nini kwa maelezo ya darasani, ila sijui nikishafika pale alfajiri naandika nini ili madokezo yasiwe orodha ya vyakula. Sijui pia kama natakiwa kumwomba kila mteja idhini. Mahojiano yatachanganya Kiswahili, Sheng na Kikuyu ndani ya sentensi moja, nayo sijui nitayanukuu vipi. Na hilo la "utamaduni wa Kenya", je, vibanda vitatu vinatosha kulisemea?

Naomba majibu ya watu walioishika kazi hii. Natanguliza shukrani.

Daftari Wazi:

Dada, hilo swali la pembeni ndilo litakalokuandikia tasnifu. Unachokwenda kuona ni vitendo: nani anaanza, kipi kinafuata, hela inatoka lini na kuingia mkono wa nani, na mpangilio huo ukivurugika watu wanafanyaje. Maoni ya watu kuhusu chai yatakuja kwenye mahojiano. Wiki mbili za kwanza usiulize maana ya chochote. Andika yanayotendeka.

Nimetunga mifano miwili uone tofauti. Wa kwanza: "Asubuhi kibanda kilijaa. Wengi walikuwa vijana wa mjengo. Walikuwa na furaha na walizungumzia siasa." Hapo hakuna kitu cha kutumia. Asubuhi saa ngapi? Kilijaa watu wangapi, kwenye nafasi ngapi? Umejuaje ni wa mjengo, yaani wa kazi za ujenzi? Furaha ni hukumu yako, na siasa ni jina la gunia ambalo hujatuonyesha kilichomo.

Wa pili: "06:10. Benchi mbili, nafasi nane. Wamekaa sita, wawili wamesimama mlangoni. Mwanamume mwenye saruji kwenye buti anaweka noti ya shilingi 50 mezani kabla ya kukaa. Hakuagiza. Mpishi anamimina chai kutoka thamosi ya buluu, anaiacha nyekundu. Chapati moja inawekwa juu ya kikombe. Noti inabaki mezani hadi chai iishe, ndipo msaidizi anaichukua. Mwingine anaonyesha vidole viwili, anapewa chapati mbili."

Huu wa pili unazaa maswali wenyewe. Thamosi mbili za nini, moja haina sukari? Yule hakuagiza, basi mpishi anawajua wangapi kwa namna hiyo? Noti iliyoachwa mezani inasema nini kuhusu kuaminiana, na je, mteja mgeni naye anaiacha? Hayo ndiyo utakayoulizia wiki ya tatu.

Sasa utaratibu. Pale kibandani andika vidokezo tu: saa, maneno matatu au manne, maneno kamili ya mtu yakiwa yamekugusa. Daftari kubwa juu ya meza ya kibanda Nairobi huleta hofu, maana wanaokuja na daftari ni kanjo (askari wa jiji) na wakusanya ushuru. Simu inatosha, kila mtu anaandika kwenye simu. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala na kabla ya kumsimulia mtu yeyote, andika madokezo kamili. Saa moja ya kuangalia huhitaji saa mbili hadi tatu za kuandika, kwa hiyo mwanzoni usikae kibandani zaidi ya saa mbili kwa siku. Ukikaa sita utaangusha tatu njiani. Kinachopotea kwanza ukichelewa ni mfuatano: kesho yake utakumbuka kwamba walibishana, ila hutakumbuka nani alinyamaza kwanza.

Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto uliyoyaona na kuyasikia, kulia unayoyafikiria. Alama za kunukuu weka kwa maneno uliyoyasikia neno kwa neno peke yake. Maneno unayoyakumbuka kwa ujumla yaandike bila alama hizo, na usiyo na hakika nayo yawekee alama ya kuuliza. Ukichanganya haya matatu, baada ya miezi minne hutaweza kuyatenganisha tena.

Chora ramani ya kibanda: jiko liko wapi, mlango, benchi, ndoo ya maji, nani anaipa barabara mgongo. Kila dakika kumi hesabu waliokaa, waliosimama na waliobeba. Gawanya pia nyakati. Kuna chai ya alfajiri ya makanga na watu wa mjengo, kuna chai ya saa nne ya mafundi na wenye maduka. Kuna wiki ya mshahara na wiki ya tarehe 20 ambapo mifuko imekauka. Kuna Jumamosi, kuna siku ya mvua ambapo mjengo umelala. Ukienda kila Jumanne saa mbili asubuhi, utakuwa umeandika utamaduni wa Jumanne saa mbili.

Leseni na Maadili:

Niongezee ya makaratasi, kwa sababu hayo ndiyo yanayokula miezi ya watu.

Mpangilio haupindiki: kwanza kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayosimamia utafiti), kisha ofisi za kaunti, kisha chifu wa eneo. NACOSTI iliundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na utafiti wa mwanafunzi wa uzamili umo ndani yake. Ombi ni la mtandaoni, na cheti cha maadili ni mojawapo ya viambatisho. Watu hukwama kwa kuanza kuomba leseni wakidhani cheti kitafuata. Leseni huwa ya mwaka mmoja na hutaja mada na kaunti. Angalia hilo la kaunti kwa makini: mpishi wako akihamisha biashara kutoka Githurai 44 kwenda Githurai 45 amevuka kutoka Nairobi kwenda Kiambu, na wewe umevuka naye. Ukishapata leseni, peleka nakala kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu, halafu kwa chifu, halafu jitambulishe kwa mzee wa nyumba kumi. Huyo wa mwisho hayumo kwenye fomu yoyote, lakini yeye ndiye atakayeulizwa, "yule msichana anayekaa kwa mama chapati ni nani?"

Kuhusu idhini. Wapishi na wasaidizi wao, idhini kamili ya kila mmoja. Mteja anayepita na kunywa chai, ikiwa hutamrekodi, hutampiga picha na hutaandika kitu cha kumtambulisha, unaweza kuiomba kamati ikubali uchunguzi wa jumla kwa ruhusa ya mwenye kibanda, pamoja na karatasi fupi ya Kiswahili ukutani inayosema wewe ni nani na unafanya nini. Mara tu unapomuuliza mteja swali la utafiti, amekuwa mhojiwa na anahitaji kuombwa. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji mzazi au mlezi pia, na vibandani wasaidizi wengi ni wadogo, kwa hiyo uliza umri mapema.

Sahihi kwenye karatasi inaogopesha watu ambao biashara yao haina kibali. Omba kamati iruhusu idhini ya mdomo iliyorekodiwa, na uirekodi kwenye faili yake peke yake. Ukiirekodi mwanzoni mwa mahojiano, jina la mtu litakaa milele kwenye faili moja na maneno yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 isome mwenyewe, hasa pale inapotaja data nyeti. Asili ya kikabila imo, hali ya ndoa imo, mali imo, majina ya watoto na wazazi yamo. Yaani ukurasa wa kwanza wa hojaji nyingi za wanafunzi wetu umejaa data nyeti ambayo tasnifu haiihitaji. Kama kabila la mpishi halibadilishi hoja yako, usiliulize. Likijitokeza lenyewe kwenye mazungumzo, liandike na uulinde huo ukurasa.

Picha zina hatari yake. Ukutani kuna namba ya kulipia kwa M-Pesa, na mtu akiiingiza kwenye simu anaweza kuonyeshwa jina la mwenyewe. Ifute kwenye kila picha. Zima pia huduma ya mahali kwenye kamera, vinginevyo picha hubeba ndani yake mahali hasa kibanda kilipo. Kubadilisha jina na kuacha "mama mwenye watoto watano aliye mkabala na kituo fulani" hakumfichi mtu. Badilisha mambo mawili matatu yasiyogusa hoja, na orodha ya majina halisi uiweke kwenye faili nyingine yenye nywila.

Kanjo wakivamia mtaa, usipige picha, usiandike hapohapo, na baadaye usiandike nani alitoa nini kwa nani. Madokezo yako yanaweza kuombwa siku moja, na aliyekukaribisha ndiye atakayeumia.

mwanagenzi_nrb:

Asanteni sana, hasa hilo la faili ya idhini, sikuwa nimelifikiria. Nina swali la aibu kidogo: mwili wangu nauweka wapi? Kibanda kina nafasi nane na mimi ni mtu wa tisa. Na wapishi niwalipe au nisiwalipe?

Uwanjani Daima:

Hilo halina aibu, na vitabu vya mbinu hulipita mbio. Nafasi kwenye benchi saa kumi na mbili asubuhi ni hela. Kila mtu anakaa dakika kama kumi na kuondoka. Ukikaa saa mbili umemfukuzia mwenye kibanda wateja wengi, naye kwa heshima hatakwambia, ataanza tu kuwa na haraka ukifika. Kunywa chai yako, lipa kama wengine, na benchi likijaa simama. Afadhali zaidi, omba kazi ndogo: kuosha vikombe, kupeleka chai kwenye karakana, kuchuja majani. Ukiosha vikombe unakaa nyuma ya meza, unaona mikono ya mpishi na nyuso za wateja, na hakuna anayekuuliza unangoja nini. Angalia tu usichukue kazi ya msaidizi anayelipwa kwa siku. Akikaa bila kazi kwa sababu yako, jioni anaweza kuambiwa asije kesho.

Ukianza kuosha vikombe, mambo yatakuja yenyewe. Utajua maji yananunuliwa kwa mtungi na kwamba vikombe huoshwa kwenye beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuza, na ni lini maji ya beseni hubadilishwa. Utajua nani ana kikombe chake kisichoguswa na mwingine.

Malipo: usimlipe mtu kwa kuangaliwa. Ukianza kumpa mpishi hela kila asubuhi, umekuwa mteja wake mkubwa kuliko wote na atakupangia asubuhi ya kukupendeza. Mahojiano yanayomtoa kwenye kazi yake ni jambo lingine. Hayo yafidie muda wake kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pendekezo na kupitishwa na kamati, kiwe sawa kwa wote, na apewe hata akikatiza mahojiano katikati. Na wakati mzuri wa kuhojiana na mpishi wa chai ni kati ya saa tano na saa sita mchana, chai imeisha na githeri iko jikoni. Alfajiri hana muda na jioni amechoka.

Kama unataka kujua chai ya watu wanaokunywa nyumbani kabla ya kutoka, tumia shajara. Waingereza walioanzisha Mass-Observation, mradi wa kuandika maisha ya kila siku, mwaka 1937 waliwaomba watu wa kujitolea waandike kila walilofanya tarehe 12 ya kila mwezi, na hazina hiyo ipo hadi leo Chuo Kikuu cha Sussex. Sifa yake ni siku iliyopangwa kabla, mtu hachagui siku ya kujivunia. Hapa kwetu waombe watu wachache wakutumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwenye siku ulizozitaja tangu mwanzo, na bando uwanunulie wewe.

Sauti na Maandishi:

Mahojiano na unukuzi, yaani kuigeuza sauti iliyorekodiwa kuwa maandishi, ndiyo kazi yangu, nitakaa hapo.

Swali la "kwa nini" liweke mwisho. Mtu akiulizwa kwa nini anahisi anatakiwa ajitetee, anakupa jibu la heshima. Anza na kumwomba akutembeze: "Hebu nieleze tangu unapoamka hadi kikombe cha kwanza kinapouzwa." Kisha rudi kwenye kila hatua aliyoiruka. Akisema "nawasha jiko," uliza makaa aliyanunua lini, kwa mkebe au kwa gunia, aliwasha kwa kutumia nini, nani alikuwepo.

Jihadhari na "huwa". Ukiuliza "huwa unanunua maziwa wapi?" utapewa kanuni: kwa yule mwenye ng'ombe, maziwa safi. Ukiuliza "maziwa ya leo umeyatoa wapi?" utasikia kwamba mwenye ng'ombe hakuja, akatuma mtoto kwenye ATM ya maziwa (mashine inayouza maziwa), hela ikapungua, akaongeza maji. Majibu yote mawili ni data, ila ni data za vitu viwili. La kwanza ni jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa, la pili ni asubuhi ya leo. Uliza yote, andika swali pamoja na jibu, na usiyachanganye kwenye uchambuzi.

Kosa jingine linaloharibu tasnifu za Nairobi ni saa. Mhojiwa anasema "nafungua saa kumi na moja," mnukuzi wa kulipwa anaandika 11:00, na kwenye jedwali mpishi anafungua karibu na chakula cha mchana. Au "saa tatu" inakuwa 3:00. Nakala iache alichosema mtu, na kwenye mabano ya mraba uweke saa ya kimataifa kwa tarakimu nne: [05:00]. Fanya hivyo wewe mwenyewe, usimwachie mwingine, kwa sababu kuna watu wanaosema "saa tano" wakimaanisha 11:00 na "five" wakimaanisha 17:00 ndani ya dakika moja.

Lugha: nukuu kama ilivyosemwa. Usimsafishe mtu. Akianza na Kiswahili, akahesabu chenji kwa Kikuyu, akamgeukia kijana wa boda kwa Sheng, hiyo ndiyo habari yenyewe, inaonyesha nani ni mwenzake katika jambo gani. Kwenye nakala tumia rangi tatu za maandishi, moja kwa kila lugha, na tafsiri iwe kwenye safu ya pembeni bila kugusa maneno asili. Usipokijua Kikuyu vizuri, tafuta msaidizi anayekijua cha mtaani, na asaini kiapo cha siri. Sheng nayo inabadilika kutoka mtaa hadi mtaa, kwa hiyo neno usilolijua muulize aliyelisema, kesho yake, maana anayoitaka yeye. Kijana wa mtaa mwingine atakupa maana ya kwao.

Kurekodi: kibandani kuna jiko, sufuria, redio na matatu inapiga honi. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya mbao tupu, maana mbao hubeba kila kishindo cha kikombe. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa visikizi, ndipo uanze. Saa moja ya sauti ya mtu mmoja pasipo kelele hula kama saa tano za unukuzi. Ya watu watatu kibandani inaweza kula nane au zaidi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuahidi mahojiano arobaini. Kwa vibanda vitatu, ningechukua wapishi na wasaidizi wote, wateja kumi na tano hadi ishirini, na wale ambao watafiti huwasahau: mleta maziwa, muuza makaa, muuza maji. Mpishi mmoja umhoji mara tatu kwa miezi tofauti. Mazungumzo ya tatu ndiyo yenye nyama, kwa sababu hapo tayari umeona mambo ya kumuulizia.

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, wenzako wamekupa zana. Mimi niseme kuhusu hilo neno "Kenya" kwenye kichwa cha tasnifu yako.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi pekee. Vibanda vitatu haviwezi kuwasemea kwa hesabu, na hukuvichagua kwa ajili hiyo. Vinaweza kukuonyesha kwa undani jinsi jambo fulani linavyofanyika, na hoja yako isimame hapo: katika mazingira ya namna hii, jambo hili hufanyika hivi, kwa sababu hizi. Ukiandika "Wakenya hunywa chai ya maziwa asubuhi," mtahini wa Turkana au Lamu atakuuliza umemwona nani. Kabla ya kuita jambo la kitaifa, jiulize kama si la tabaka, au la mji, au la kazi fulani. Njia rahisi ya kujipima ni kuongeza sehemu moja ya kulinganisha ndani ya Nairobi hiihii, kwa mfano kantini ya ofisi Upper Hill ambapo chai ileile inanywewa na watu wa mifuko tofauti. Jambo likibaki lilelile pande zote mbili, una la kusema. Likibadilika, una zaidi la kusema.

Taifa linaingia kwa mlango wa historia. Hiki kikombe tunachokiita cha kwetu tangu jadi ni cha juzi. Mchai ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya kampuni yakaenea Kericho kuanzia miaka ya 1920. Mwafrika alizuiwa kuulima hadi miaka ya 1950, mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha Waafrika, ulipofungua njia, na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikaundwa 1964. Chapati ilitujia kwa mikono ya watu wa Bara Hindi, waliokuwa pwani kabla ya reli na wakaongezeka ilipojengwa kati ya 1896 na 1901. Kwa hiyo juu ya hiyo meza yako ya mbao kuna ukoloni, kuna reli, kuna wakulima wadogo wa baada ya Uhuru. Usiyatie haya kwenye sura ya utangulizi kisha ukayasahau. Yarudishe pale unapoeleza kwa nini chai ni ya maziwa na inauzwa na nani.

Nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, uchukue kadi ya msomaji, na uombe ripoti za mwaka za utawala wa Nairobi na majalada ya wachuuzi. Utaona jinsi jiji lilivyowafukuza wauza chakula barabarani tangu zamani, na utaacha kuandika kwamba kanjo ni jambo jipya. Ingia na penseli, acha begi langoni, na kwa kila karatasi uandike namba ya jalada kabla ya kusoma neno la kwanza. Watu hunakili kurasa nzuri kisha hawajui zilitoka wapi.

Liangalie pia lile linaloitwa utamaduni na serikali. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano bora. Ni kazi ya heshima, iliyoorodhesha mimea ya asili pamoja na majina yake katika lugha zetu. Lakini utaona kwamba mnavu na kunde vimeingia, na chapati ya shilingi 20 inayoliwa kila asubuhi haimo. Hapo ndipo utafiti wako unapata uzito: yale watu wanayoyafanya kila siku bila kuyaita mila.

Na kwa kuwa unachunguza kwenu, mambo mengi hutayaona kwa kuyazoea. Jomo Kenyatta aliandika kuhusu watu wake mwenyewe akiwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski pale London School of Economics, kitabu chake Facing Mount Kenya kikatoka 1938, na hadi leo wasomi wanabishana ni wapi alieleza na ni wapi alitetea. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, naye aliwakosoa wasomi wa Kiafrika waliovisha dini zetu kanzu za Kigiriki ili ziheshimiwe. Hatari zote mbili ziko mbele yako: kutetea na kuvisha kanzu. Dawa yake ni ya vitendo. Mara moja kwa wiki chukua ukurasa mmoja wa madokezo, umwandikie msomaji ambaye hajawahi kuona kibanda, na kila utakapoandika "kama kawaida" usimame uieleze hiyo kawaida.

mwanagenzi_nrb:

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Nitaongeza kantini moja ya kulinganisha. La mwisho kwenu nyote: kuna kitu cha kupimwa hapa, au yote ni maneno?

Daftari Wazi:

Kipo, na ni chapati.

Nunua mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Mwombe mpishi ruhusa upime madonge kumi kabla hayajasukumwa, uliyoyachagua bila kuangalia ukubwa, siku ileile kila wiki. Andika uzito wa kila donge, wala usiandike wastani pekee. Siku hiyohiyo andika bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili, bei ya mafuta, bei ya mkebe wa makaa, na madonge yametoka mangapi kwenye pakiti. Bei ya chapati kibandani ni ngumu kupandishwa, kwa kuwa wateja wanaijua na jirani anauza vilevile. Kwa hiyo unga ukipanda, kinachoweza kupungua kimyakimya ni donge. Mpishi akiulizwa huenda asiseme, na pengine hajioni, maana mkono wake unakata kwa mazoea. Mizani itaona.

Chai nayo pima. Kikombe kimoja kijaze maji hadi pale chai inapofikia, umimine kwenye jagi lenye alama za mililita. Hesabu pakiti za maziwa na majagi ya maji yanayoingia kwenye sufuria ya kwanza na ya pili, kwa sababu mara nyingi hazilingani, na uangalie ni wateja gani wanaofika kwenye ile ya pili.

Kitu cha mwisho ni deni. Kibanda kina daftari la madeni, wakati mwingine ni ukuta wenye chaki. Usilipige picha. Muombe mpishi afunike majina kwa karatasi na akusomee kiasi na tarehe tu, kisha akueleze kila mstari: huyu analipa Ijumaa, huyu analipa mjengo ukilipa, huyu hatalipa lakini mama yake alinisaidia. Halafu ukae ukiangalia asubuhi tatu nne jinsi deni linavyoombwa. Kuna anayeomba kwa sauti, kuna anayesema "niandikie" bila kumtazama mtu, kuna ambaye mpishi anamwandikia kabla hajafungua mdomo. Andika pia aliyenyimwa, na maneno yaliyotumika kumnyima, neno kwa neno. Hiyo sehemu iandike mapema, ukiwa bado uwanjani, ili ukikuta pengo urudi kesho yake kuangalia tena.

Ukianza kuchambua, yape makundi yako majina ya vitendo: kukopa, kuachia nafasi, kungoja chenji, kubeba kwa mwingine. Majina kama "uchumi" na "utambulisho" ni mapana mno, kila kitu kinaingia na hakitoki. Soma madokezo yote mara moja bila kalamu, kisha uweke alama kurasa ishirini za kwanza, kisha umpe rafiki kurasa hizohizo na orodha ya makundi aziwekee alama peke yake. Mlipotofautiana, maelezo ya kundi hilo hayajakaa sawa. Yaandike upya kabla ya kuendelea na ukurasa wa ishirini na moja.